Padri Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Katika kila ukoo kuna mambo ya kustaajabisha. Mtoto azaliwa, na wazee wanapokuja kumtazama husema kwamba masikio ni ya baba yake, na paji la uso ni la mama yake. Lakini pengine mtoto huja na alama ambayo wazazi wake wote wawili hawana. Ndipo bibi mmoja mzee akumbuka kwamba babu wa zamani, aliyekwisha kufa, alikuwa nayo. Je, alama hiyo ilikuwa wapi miaka yote ile? Ilipitaje ndani ya watu wasioionyesha, ikatokea tena nzima, kama mto uingiao chini ya ardhi na kutokea mbali?

Watu wa mataifa yote waliuliza swali hili tangu kale, wala hawakupata jibu la hakika. Aliyeona jibu la kwanza hakuwa mtu mkubwa wa chuo kikuu. Alikuwa mtawa na padri, mwana wa mkulima, tena mtu ambaye hakufaulu kamwe mtihani wa ualimu. Vyombo vyake vilikuwa bustani ndogo, kibano, kalamu na njegere. Leo twasimulia maisha yake, kwa kuwa jambo alilolivumbua lagusa hata nyumba zetu hapa Kongo, kama tutakavyoona mwishoni.

Mwana wa mkulima

Gregor Mendel alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Leo imo katika Ucheki, na kijiji huitwa Hynčice. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo. Sheria ya nchi ilimlazimisha kufanya kazi siku 3 za kila juma katika mashamba ya bwana wa nchi pasipo malipo, na siku zilizobaki ndipo alipolima shamba lake mwenyewe. Hata hivyo Anton aliipenda sana miti ya matunda, akamfundisha mwanawe kupandikiza tawi la mti mzuri juu ya shina la mti mwingine. Paroko wa mahali pale, Padri Johann Schreiber, naye aliwafundisha watoto wa shule utunzaji wa miti na nyuki.

Mwalimu wa kijiji aliona kwamba mtoto huyu ana akili, akawashauri wazazi wampeleke shule ya mbali. Wakakubali, ingawa hawakuwa na mali. Lakini mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia Anton akiwa katika kazi ile ya lazima, likamwumiza vibaya kifuani, wala hakupata tena nguvu zake za kwanza. Tangu hapo kijana Johann alijitegemea. Aliwafundisha wanafunzi wengine kwa malipo madogo, akala kidogo, akaugua, akarudi nyumbani kulala kitandani miezi kadhaa, kisha akaanza upya.

Hapo akaokolewa na dada yake mdogo, Theresia. Katika nchi ile, siku zile, ni binti aliyepewa mali na wazazi wake alipoolewa. Theresia akachukua sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, akampa kaka yake ili amalize masomo. Johann hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo, aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mlango wa monasteri

Mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 21, Johann alibisha mlango wa monasteri ya Mtakatifu Tomaso katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno. Watawa wa Mtakatifu Augustino wakampokea, wakampa jina la Gregor. Yeye mwenyewe hakuficha baadaye kwamba shida ya maisha ilikuwa na neno katika uchaguzi wake, kwa maana hakuweza tena kuvumilia njaa na mahangaiko. Walakini katika nyumba ile alidumu kwa uaminifu miaka zaidi ya 40, hata kufa kwake.

Monasteri hiyo ilikuwa kisima cha elimu. Abati wake, Cyril Napp, alikuwa mtu mwenye kuona mbali. Wafugaji wa nchi ile walitafuta kondoo wenye sufu nzuri, wakabishana siku nyingi kwa nini kondoo dume mzuri huzaa pengine wana wazuri na pengine wana wabaya. Abati Napp aliwaambia kwamba yafaa kwanza kuuliza ni kitu gani hasa kinachorithiwa, na kwa njia gani. Swali hilo lilikuwa limekwisha kupandwa katika mji ule kabla Mendel hajafika.

Mendel alipewa upadri mwaka 1847. Wakubwa wakamtuma kuwahudumia wagonjwa. Lakini kila alipoona mateso yao, moyo wake ulijaa uchungu hata yeye mwenyewe akaugua. Abati alielewa kwamba kazi hiyo si yake, akamtuma mwaka 1849 kufundisha shuleni katika mji wa Znaim. Wanafunzi wakampenda. Mwaka 1850 akaenda kufanya mtihani wa kupata cheti cha mwalimu, akashindwa.

Abati hakumkemea wala kumtupa, ila alimpeleka kusoma katika chuo kikuu cha Vienna, tangu 1851 hata 1853. Huko Mendel alijifunza mambo mawili ambayo watu wa siku zile hawakuyaweka pamoja: elimu ya mimea, na elimu ya fizikia inayopima na kuhesabu kila kitu. Aliporudi Brünn alifundisha tena. Mwaka 1856 akaujaribu mtihani mara ya pili, akaugua, akarudi mikono mitupu. Hakupata cheti kamwe. Alifundisha miaka 14 kama mwalimu msaidizi tu, na katika miaka hiyohiyo alifanya kazi iliyolifanya jina lake lijulikane duniani kote.

Bustani ya njegere

Chini ya madirisha ya monasteri palikuwa na kipande chembamba cha bustani, urefu wake mita 35 na upana wake mita 7. Hapo Mendel alipanda njegere, ile mimea itambaayo, yenye maganda na mbegu za kuliwa.

Kwa nini njegere? Kwa sababu ua lake limejifunga. Chavua, yaani ule unga wa njano wa ua, huangukia ndani ya ua lilelile, na kwa hiyo mmea hujizalisha wenyewe bila kuchanganyika na mwingine. Mtu akitaka kuchanganya mimea miwili, lazima afungue ua changa kwa mkono, atoe kwa kibano vijiti vyote vyenye chavua, kisha alete chavua ya mmea mwingine. Hivyo Mendel alijua bila shaka yoyote nani ni baba na nani ni mama wa kila mbegu. Mingine aliiotesha katika vyungu ndani ya nyumba ya vioo, ili ahakikishe kwamba wadudu hawaharibu kazi yake.

Kabla ya kuanza alipata aina 34 za njegere kwa wauza mbegu, akazijaribu miaka 2 ili aone kama kila aina huzaa wana walio sawa na wazazi wao. Akachagua aina 22. Kisha akatazama alama 7 tu: umbo la mbegu, rangi ya mbegu, rangi ya ngozi ya mbegu pamoja na ua, umbo la ganda, rangi ya ganda, mahali pa maua, na urefu wa shina.

Hapo ndipo ilipo hekima yake. Wengine waliomtangulia walitazama mmea mzima kwa mara moja, wakachanganyikiwa kwa wingi wa mambo. Yeye aliuliza swali moja dogo, tena akangoja jibu lake, na kila jibu alilihesabu. Kazi hiyo aliifanya miaka 8, tangu 1856 hata 1863, na mimea iliyopita mikononi mwake ilikuwa kama 28,000.

Hesabu iliyofunua siri

Watu wengi wa siku zile walidhani kwamba sifa za baba na mama huchanganyika katika mtoto kama maziwa na maji katika kikombe. Na kama ni hivyo, zikiisha kuchanganyika haziwezi kutengana tena.

Mendel akaoza njegere yenye mbegu za mviringo na njegere yenye mbegu zilizokunjamana. Akangoja. Watoto wakatokea wote mviringo. Hapakuwa na mbegu ya nusu kwa nusu, wala mbegu moja iliyokunjamana. Mtu asiye na subira angalisema kwamba alama ya kukunjamana imekufa, na kazi imekwisha.

Yeye alizipanda mbegu hizo za mviringo, akaiacha mimea ijizalishe yenyewe. Mimea 253 ikampa mbegu 7,324. Akaketi akazichambua moja moja. Mbegu 5,474 zilikuwa mviringo, na 1,850 zilikuwa zimekunjamana, kamili kabisa kama mbegu ya babu yao. Alama iliyoonekana kuwa imekufa ilikuwa imefichwa tu.

Akafanya vivyo hivyo kwa rangi. Akaoza mbegu za njano na mbegu za kijani; watoto wote wakawa wa njano. Katika wajukuu, mbegu 6,022 zilikuwa za njano na 2,001 za kijani. Akafanya hivyo kwa urefu wa shina: mimea 787 ilikuwa mirefu na 277 mifupi. Gawanya hesabu hizo, msomaji mpenzi, nawe utaona jambo la ajabu: kila mara ni karibu 3 kwa 1. Katika kila wajukuu 4, mmoja huirudisha alama iliyofichwa.

Kwa nini 3 kwa 1, wala si 5 kwa 1 au 10 kwa 1? Mendel aliona kwamba kila mmea umebeba vitu viwili vya urithi kwa kila alama, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mmea unapozaa, humpa mtoto kimoja tu kati ya hivyo viwili, kwa bahati sawa. Baadhi ya vitu hivyo vyatawala, navyo huonekana hata vikiwa kimoja. Vingine hujificha, wala havionekani ila vikikutana viwili.

Walimu na makatekista wanaweza kuonyesha jambo hili kwa maharagwe. Twaa vikapu viwili, kimoja kiwe baba na kimoja mama. Katika kila kikapu weka maharagwe 20 mekundu na 20 meupe, yaliyo sawa kwa ukubwa, uyachanganye. Mtoto mmoja afumbe macho, atoe haragwe moja katika kila kikapu. Andika yaliyotoka, uyarudishe, urudie mara 100. Mtaona kwamba mara kama 25 yametoka mekundu mawili, mara kama 50 jekundu na jeupe, na mara kama 25 meupe mawili. Ikiwa jekundu ndilo litawalalo, jeupe litaonekana mara 25 tu katika 100. Hiyo ndiyo 3 kwa 1 ya Mendel.

Walakini yeye hakuridhika na kufikiri, alitaka ushuhuda. Kama neno lake ni kweli, basi zile mbegu za mviringo za wajukuu hazilingani kwa ndani, ingawa kwa nje zafanana. Akapanda 565 kati yake. Mimea 193 ilizaa mbegu za mviringo tupu, na 372 ilizaa za mviringo pamoja na zilizokunjamana. Ni karibu mmoja kwa wawili, kama alivyotazamia. Jicho haliwezi kuona yaliyo ndani ya mbegu, lakini hesabu imeyaona.

Hakuna aliyeelewa

Mwaka 1865, tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi, Padri Mendel alisimama mbele ya chama cha wapenda elimu wa Brünn, akawaeleza kazi yake. Walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Mwaka 1866 maneno yake yalipigwa chapa katika kitabu cha chama hicho, nacho kikapelekwa kwa maktaba na vyama zaidi ya 100 vya Ulaya na ng'ambo. Hakuna aliyetambua uzito wake. Watu wa mimea hawakuzoea hesabu, na watu wa hesabu hawakujali njegere. Hata Charles Darwin wa Uingereza, aliyekuwa akitafuta sana miaka hiyohiyo namna sifa zinavyorithiwa, hakuijua kazi hiyo.

Mendel alimwandikia bwana mkubwa wa elimu ya mimea, Carl Nägeli wa München. Bwana huyu alimjibu kwa mashaka, akamtia moyo ajaribu mmea mwingine wa porini ambao yeye mwenyewe aliushughulikia. Mendel akafanya kazi ngumu miaka kadhaa juu ya maua madogo mno, hata macho yakamwuma. Lakini hesabu zikakataa kabisa kupatana na zile za njegere. Masikini! Hakuna aliyejua siku zile kwamba mmea ule mara nyingi hufanya mbegu bila chavua ya baba. Sheria yake haikuwa na kosa. Mmea ndio haukufaa.

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa Abati wao. Tangu hapo shughuli za nyumba zilimla siku zote. Hata hivyo alifuga nyuki, akapima mvua, joto na upepo kila siku, na mwaka 1870, kimbunga kikali kilipoupiga mji wa Brünn na kuvunja vioo vya monasteri, alikieleza kwa uangalifu kama alivyoeleza njegere.

Mwaka 1874 serikali ilitoa sheria ya kutoza monasteri kodi kubwa. Abati Mendel aliiona sheria hiyo kuwa si ya haki, akakataa kulipa. Wengine walikubali, yeye akashikilia neno lake miaka yote iliyobaki, akapoteza rafiki wengi, na moyo wake ukaingia uchungu. Subira aliyokuwa nayo kwa mimea hakuipata daima kwa maofisa. Nasi hatumpunguzii heshima kwa kusema hivyo; watu wakuu nao ni watu.

Alikufa tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo. Watu wengi wa Brünn walikuja kumzika: maskini aliowasaidia, wanafunzi wake wa zamani, wakulima na mapadri. Walimlilia mtu mwema na Abati. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba wanamzika mwanzilishi wa elimu mpya. Makaratasi yake mengi yalichomwa moto.

Siri yatoka gizani

Ikapita miaka 34 tangu maneno yake yapigwe chapa. Kisha katika mwaka mmoja, 1900, wataalamu watatu wa nchi mbalimbali, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, kila mmoja akiwa amefanya kazi yake mwenyewe juu ya mimea, walitangaza hesabu zilizofanana. Na katika kutafuta vitabu vya kale, walikuta kwamba mtawa mmoja wa Brünn alikuwa amekwisha kuyasema hayo yote, tena kwa uwazi zaidi. Kazi yake ilitendeka kama mbegu zake: ilifichwa kizazi kizima, ikatokea tena kamili.

Tangu hapo elimu hiyo ilienda mbio. Ilijulikana kwamba sheria ya njegere ni sheria ya kuku na ng'ombe, ya mahindi na ya mwanadamu. Vile vitu vya urithi viliitwa jeni. Mwaka 1953 ilielezwa umbo la uzi mwembamba mno ulio katika seli zetu, ambamo jeni zimeandikwa kama maneno kitabuni. Na mwaka 2021, karibu miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake, kaburi la watawa huko Brno lilifunguliwa, mifupa ya Mendel ikachukuliwa kwa heshima, na wataalamu wakausoma uzi wa urithi wake mwenyewe.

Jambo hili na nyumba zetu

Sasa tuje kwetu. Kuna ugonjwa ambao wengi wa Kongo huuita drepanositozi au SS. Waswahili wengine huuita selimundu. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa, zilizopasa kuwa za mviringo, hupinda kama mundu wa kukatia majani. Hukwama katika mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Huvunjika upesi, na mtoto hupungukiwa damu.

Mara nyingi wazazi wa mtoto huyu wote wawili ni wazima kabisa. Hapo ndipo fitina huingia nyumbani. Ndugu za mume husema kwamba mke ameleta laana ya ukoo wake. Ndugu za mke humtazama mjomba fulani kuwa mchawi. Mume hushuku kwamba mtoto si wake. Pengine mtoto mwenyewe huitwa mchawi, akafukuzwa, na ndoa ikavunjika.

Wakumbuke zile mbegu za mviringo zilizozaa mbegu zilizokunjamana! Baba amebeba vitu viwili vya urithi wa damu: kimoja kizima, kiitwacho A, na kimoja chenye kasoro, kiitwacho S. Mama naye hivyo hivyo. Kwao S imejificha, nao ni wazima. Lakini kila mara wanapopata mtoto, ni kama kutoa haragwe katika vikapu viwili. Kwa kila mtoto kuna bahati moja kati ya 4 ya kupata A mbili, awe mzima. Bahati mbili kati ya 4 ya kupata A na S, awe kama wazazi wake. Na bahati moja kati ya 4 ya kupata S mbili, awe mgonjwa. Kikapu hakikumbuki haragwe lililotoka jana. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na watoto 5 wasio na ugonjwa, na nyumba nyingine wagonjwa 2 kati ya 3. Urithi huu wa ugonjwa ulithibitishwa mwaka 1949, na sheria yake ni ileile ya njegere.

Basi mtoto mgonjwa hathibitishi kwamba mama yake amezini. Ugonjwa wake haukutumwa na mjomba. S moja imetoka kwa baba, na S moja kwa mama. Hakuna wa kumshitaki mwenzake, maana wote wawili walitoa bila kujua kitu walichopokea bila kuomba.

Tena kuna ajabu nyingine. Mwaka 1954 ilitangazwa kwamba watu wenye A na S hulindwa kwa sehemu kubwa na malaria kali. Ndiyo sababu S ni nyingi katika nchi zenye mbu kama yetu: kwa vizazi vingi iliwakinga watoto wengi na kifo. Si alama ya laana. Kitu kilekile kikiwa kimoja huwa ngao, na kikiwa viwili huwa ugonjwa.

Wachumba wanaojitayarisha kwa ndoa na wapimwe damu mapema, ili waijue njia wanayoiingia wakiwa macho. Wazazi wenye mtoto wa namna hii na wampeleke kwa daktari, wala wasipoteze mali na miezi kwa waaguzi. Akipewa maji ya kutosha, akikingwa na malaria na magonjwa mengine kwa dawa na chanjo, na akifika hospitali upesi anapoingiwa na homa au maumivu makali, ataweza kusoma, kufanya kazi na kukua.

Padri Mendel hakuujua ugonjwa huu. Aliketi tu na bakuli la njegere, akahesabu kwa uaminifu, wala hakubadili hesabu ili ipate kumpendeza mtu. Alikufa bila kuona matunda. Lakini leo, mahali fulani katika kijiji chetu, mwanamke anasimama kushitakiwa kwa ugonjwa wa mtoto wake. Naye katekista aliyeielewa hesabu ya njegere aweza kutwaa vikapu viwili na maharagwe, akaketi kati ya koo mbili, akawaonyesha kwamba hana hatia.